U Nani, Mashine?

Saa tisa za usiku, Dundee, chini ya maktaba.
Mvua inapiga kidirisha kilicho usawa wa viatu vya wapita njia,
nami naandika skripti moja ipite mashine tatu:
tufaha la Catriona, lililobandikwa paka;
mtambo mkongwe wa Linux, haujazimwa tangu afe aliyeununua;
na Windows ya Bwana Petrie wa hesabu, isiyoguswa Ijumaa.

Wiki jana niliingia bila hodi.
Amri ya kubadili neno ndani ya faili
kwenye Linux ilinyooka kama uzi;
tufaha likagoma, likataka alama mbili za kunukuu
zisizo na kitu katikati,
kama mgeni anayedai kikombe kitupu kabla ya chai.
Orodha ya vitabu vya watoto ikakatika nusu.
Catriona hakusema neno. Akaenda kuinjika birika.

Basi leo mstari wa kwanza unabisha.
Amri yenyewe ni uname.
Isome Kiswahili, ikwame kidogo ulimini,
karibu iseme: u nani?
Mmoja hujibu Linux, kwa mkato.
Mmoja hutoa jina la ukoo, Darwin, si lile la kwenye kifuniko.
Wa tatu, ndani ya kanzu ya kuazima, hujiita MINGW
na namba ndefu mkiani,
kama mtu aonyeshaye pasipoti kabla hajaombwa.

Nakujua huko kujibu.
Kwa muoka mikate huniuliza natoka wapi.
Hilltown, nasema.
Hapana, hasa hasa?
Nina jibu la kila kaunta: Tanga, Afrika, mbali,
basi namba ishirini na mbili.

Lakini jina halichoti maji.
Ipo Linux isiyo na bash;
lipo tufaha lililofundishwa zana za jirani.
Nikafuta mistari sita, nikauliza upya:
waweza kunihesabia tarehe ya jana?
Ukiweza, twende.

Kikabaki kinyota, tawi la asiyetambulika,
kile kisanduku cha fomu kisemacho "Nyingine".
Zamani hapo niliandika: kosa, toka.
Leo nimekaa nacho mpaka chai imeota utando.
Kisha: "Bado sijakujua. Sijagusa kitu chako. Niambie unachoweza."

Nikafunga case kwa esac,
neno lilelile likirudi kinyumenyume,
kama mtu atokaye chumbani
bila kumpa mwenyeji mgongo.