Kundi la Kulinganishia

Mimi ni dereva. Nilikodiwa kupandisha masanduku saba,
yameandikwa USIPINDUE pande zote,
kutoka Leh hadi nyumba ya watawa juu ya Padum,
siku mbili za kona na theluji iliyochelewa kuyeyuka.
Ndani mlikuwa na kofia ya nyaya, jenereta ya kuazima,
na kibamba cha chuma kinachopashwa hadi nyuzi arobaini na nane.

Daktari Vestergaard alivifurahia vipara vya watawa:
gundi inashika, hakuna nywele za kubembeleza.
Skarma Yangzes akacheka:
"Miaka thelathini na mmoja nanyoa kichwa
bila kujua nakiandalia nyaya."

Akaketi. Jenereta ikanguruma kama fahali mwenye kikohozi.
Moyo wake, mapigo sabini na moja,
ukashuka ngazi bila kushika ukuta:
sitini na tano, sitini, hamsini na manne.
Pumzi nne kwa dakika. Nilizihesabu
hata nikasahau kuvuta zangu.
Kisha kengele ndogo: sekunde kumi zijazo
chuma kitagusa kifundo cha mkono.
Mstari kwenye skrini haukujisumbua.
Chuma kikagusa. Mstari ukaruka, kama wa mtu yeyote,
ukarudi chini, ukatulia.

"Huumii?"
"Naumia. Ulidhani mimi jiwe?
Maumivu yakipiga hodi nayafungulia.
Nayapa maji.
Funguo za nyumba siyapi."

Alihitajika mtu wa kulinganisha naye. Wakanitazama mimi.
Nywele zangu wakazipaka gundi, wakazisamehe.
Kengele ikalia, nikaungua.
Chuma kilikuwa bado mkononi mwa msaidizi,
hatua mbili kutoka kwangu.
Daktari akanionyesha kwa kalamu:
huu hapa mlima wako, ni wa kengele;
moto wenyewe uko huku mbele, kichuguu tu.
Miaka arobaini na sita, nikawaza,
deni la gari, binti anayesoma Chandigarh, breki,
yote nimeyalipa mara mbili,
na bei kubwa nimeilipa kabla bidhaa haijafika.

Siku ya nne simu yangu ilishika mtandao, mara moja,
pale kwenye rundo la mawe ya sala.
Ujumbe haukuwa wangu.
Rigzes, dada yake Skarma, amefariki usiku, hospitali ya Kargil.
Nilimwambia peke yake, kabla ya kofia.
Aliuliza kama kuna aliyemshika mkono.
Nikasema sijui.
Akaenda kuketi.

Dakika ya ishirini na tatu, mstari wa mbele,
ule unaopita karibu na jicho, ukatikisika. Si sana.
Sekunde nane.
Daktari, ambaye hakuwa na habari, akaweka alama nyekundu,
akaandika: kelele, jicho limesogea, futa.
Simlaumu. Hata mimi mvua ikidondoka kwenye kioo
naifuta, ili nione barabara.
Nilifungua kinywa. Skarma akanitazama,
kope bado zina maji, akatikisa kichwa
hadi nyaya zote kumi na tisa zikacheza
na skrini ikachafuka tena.

Sasa nashuka Pensi La. Masanduku nyuma yamefungwa kamba,
yamejaa namba, yanakwenda Copenhagen.
Zile sekunde nane hazimo.
Kabla ya kila kona moyo wangu unapiga kengele.
Naisikia. Naiambia: kona bado.
Katika kona thelathini imenyamaza mara tatu,
na moja kati ya hizo nadhani nilikuwa nasinzia.
Haya si matokeo ya kuchapishwa.
Kundi langu lina mtu mmoja,
naye ameshika usukani.