Maji ya Mwisho

Chumvi ikishakomaa, mama,
tunaikwangua kwa reki ya mbao, tunaipanga vichuguu,
na chini ya jaruba hubaki maji mazito
yenye rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni.
Msimamizi huyaita uchafu. Machungu, hayaliki, hayauziki.
Tunafungua tundu, yanarudi mikokoni.
Mimi niliyakinga kwenye dumu la lita tano,
nikalifunga nyuma ya baiskeli, kutoka Naumbu hadi nyumbani
likigugumia kila shimo la barabara.

Mikono yako ilikuwa imeiva hadi viwikoni.
Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho,
majivu viganjani, nyundo ya mti,
na yale mafuta ya ganda
yaliyoila ngozi kama mchwa alavyo mkeka:
kwanza pembeni, kisha kimyakimya katikati.
Usiku nilisikia ukijikuna ukutani,
krr, krr,
nikadhani panya.
Dawa ya Ligula ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ndogo.
Uliipasua tyubu kwa wembe, ukaikomba kwa kijiti,
ukasema, "Kumbe hata hii inabanguliwa."

Siku ya kwanza nilikosea.
Nilimimina nusu dumu kwenye maji ya moto,
kwa pupa ya mtu anayetaka kupona kwa niaba ya mwenzake.
Uliruka! Ukanitukana kwa Kimakonde
matusi ambayo sikujua unayajua,
na Mama Likunja, ng'ambo ya ua, akacheka
hadi akamwaga mchele aliokuwa akiupepeta.

Tukajifunza. Kikombe kimoja, basi.
Maji vuguvugu, ya kumwogeshea kichanga.
Ukitoka usisugue: gusagusa kwa kanga kuukuu,
kisha mafuta ya ufuta, ngozi ingali mbichi.
Jioni baada ya jioni ulikaa juu ya mbuzi ya nazi,
mikono ndani ya beseni la bluu lililozibwa kwa lami,
ukivitazama vidole
kama wageni waliochelewa kuaga.

Sisemi ulipona. Magamba yalipungua,
wekundu ukashuka kama maji ya bamvua,
ambayo hata yakiondoka huacha mstari yalipofika.
Ila ulilala. Hilo naliapia.
Ukuta ulinyamaza.

Usiku mmoja ukasema, "Lete miguu."
Nikaificha chini ya kitanda cha kamba.
Chumvi ileile inayokutuliza wewe
ndiyo iliyonipasua mimi visigino,
na sikutaka uone.
"Lete miguu, nimesema. Unamwonea haya nani?"
Ukanipaka ufuta, ufa kwa ufa,
kwa gumba lisilo na mistari,
laini kama mgongo wa kijiko.

Ni gumba hilo mashine ya vitambulisho ililikataa
mwaka juzi, jaribu tena, jaribu tena,
karani akikutazama
kana kwamba umeiba kidole cha mtu.

Leo tumerudi. Ofisi ya kata, benchi moja, watu arobaini.
Gumba: kimya.
Shahada: kimya.
Mkono wa kulia wote, kimya.
Nikaanza kukunja makaratasi.
Kikaja kidole kidogo cha kushoto,
kile unachokiinua ukinywa chai,
kile ambacho korosho hazikukifaidi sana.
Ukakilaza kwenye kioo, ukafumba macho.
Taa ya kijani.

"Somoe Nakotyo Mchopa," akasoma karani.
"Abee!" ukaitika kwa sauti ya darasani,
na benchi zima likageuka.
Nje, juani, ukanipa mkoba niubebe,
ukajikuna kidogo kwenye kiwiko,
ukaniona nimekuona.
"Nini? Kesho ukienda jarubani," ukasema,
"beba madumu mawili."