Vitanzi

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawa wetu walikuja na pete ya plastiki yenye namba,
tisa ndani ya kreti za samaki, mwezi wa Novemba,
kutoka kiwanda cha mayai huko ng'ambo
ambako taa haizimwi na sakafu ni waya.
"Wastaafu," Osla alisema, akafungua kreti.
Shingo tupu, nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.
Yule wa 4417 hakuwa na unyoya mgongoni hata mmoja;
ungedhani ametoroka sufuriani.

Hapa Shetilandi, majira hayo,
jua hubisha hodi saa tatu asubuhi
na saa tisa limeshaaga, halijanywa hata chai.
Upepo unaijua milango yetu yote.

Mimi nilikuwa na mkono wangu wa kulia
uliolala tangu Agosti,
siku damu ilipokosa njia kichwani
nikaangusha kikombe, nikakitazama kinavunjika
kama kikombe cha mtu mwingine.
Miaka thelathini na mmoja nilihudumia injini za feri,
kwa sikio tu nikijua boliti ipi imelegea.
Sasa kifungo cha shati kinanishinda.

Mhairi wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa sponji.
Minya, mara hamsini, asubuhi na jioni.
Niliminya siku mbili. Ya tatu nikamtupia mbwa.

Osla hakunikemea.
Aliniwekea mapajani sindano mbili
na donge la sufu ya kijivu.
"Kuku wanatetemeka," akasema,
akaenda kuosha vyombo.

Mama yangu alifuma akitembea,
kapu la mboji mgongoni, macho njiani.
Mimi nilikaa kitini na kitanzi kimoja
kuanzia habari za saa moja mpaka mbwa akalala.
Kikanitoka. Nikakirudia. Kikanitoka.
Nilitukana kwa maneno ya chumba cha injini,
na Osla jikoni akafungua bomba zaidi ili asinisikie.

Sweta la kwanza lilikuwa na tundu
la kupitisha kuku mwenyewe akiwa na mizigo yake.
La pili lilifaa.
Tukamvika 4417, bawa huku, bawa huku:
akatembea kinyumenyume
kama aliyesahau kitu nyumbani,
akaketi, akafikiri, akaudonoa ukosi.
Gibbie jirani alikuja kuomba mayai, akaona.
"Na samaki je, utawafumia soksi?"

Mvua ilipowalowesha tuliyaanika juu ya jiko,
sweta tisa kwenye kamba moja.
Mwanamke wa posta akauliza, kwa furaha, wajukuu wangapi.
Hatuna mjukuu.
Osla akamjibu, "Tisa," akapokea barua.

Februari yakaanza kuchomoza manyoya mapya,
magumu, ya buluu, kama misumari midogo.
Daktari wa mifugo akatuambia kwenye simu:
vueni, sufu inayakwaruza, yanatoka damu.

Basi nikafumua.
Miezi mitatu kufuma, jioni moja kufumua;
uzi ukikimbia kutoka vidoleni
bila kuniuliza kama nimechoka.
Nilidhani nitasikitika.
Ila uzi uliofumuliwa haunyooki mara moja:
unabaki na mawimbi,
kila kitanzi kimeacha alama pale kilipokaa.

Wanane sasa wamejaa manyoya, wanagombana,
wamechimba bustani yote ya kabichi.
4417 bado mgongo wazi. Haoti.
Sijui kwa nini, na daktari hajui.
Yeye nimemfumia jingine, la njano,
ukosi mpana, nisimbane.

Leo asubuhi nimefunga vifungo vitatu.
Cha nne nimemwita Osla.
Alikuja na mikono yenye unga,
akasimama kidogo mbele yangu,
akaangalia kama nitajaribu tena.