Betri

Kipaza sauti kilizimika katikati ya "Tawany—"
mbele ya ghala la ushirika, Tandahimba:
sisi na stakabadhi za korosho zisizolipwa,
wao na ngao.

Koplo Mchopa akakitikisa, akakizaba kofi. Kimya.
Ikabidi asogee.
Akafunua kioo cha kofia ili asikike,
jasho likimdondoka puani.

"Nani msemaji wenu?"

"Hatuna," akajibu Somoe Nampunju,
"naye angetaka kulipwa."
Watu wakacheka. Askari mmoja pia,
akajifanya anakohoa.

Basi wakaongea kama wanaopatana bei ya kuku:
ngao zishuke, mawe yatuliwe,
meneja atoke na daftari lake.

Mawe tukayatua.
Langu nilichelewa nalo kidogo,
lilikuwa limeshashika joto la kiganja.