Chaki ya Buchani

Rosario, joto la Desemba.
Asubuhi Anselmo aliandika bei ya mbavu kwa chaki.
Saa sita akaifuta kwa kiwiko, akaandika nyingine.
Saa kumi hakuandika kitu:
"Niulize," alisema, "ila uliza upesi."

Nélida alikuwa na mshahara wa wiki mbili
umekunjwa ndani ya soksi ya mtoto.
Peso zilezile, idadi ileile,
ila kila alipozihesabu zilikuwa zimekonda.

Foleni nzima ilisema: tufani hii ni yetu sote.
Sawa. Upepo ulikuwa mmoja.
Lakini Bwana Iriarte wa ghorofa ya tisa
alikuwa ameshalaza dola zake Montevideo,
na peso ilipoporomoka
yeye alipanda bila kuinuka kitini.
Machi akanunua bucha: mizani, ndoano, ubao,
kwa bei ya kutupa.
Anselmo alimhesabia funguo mkononi, moja moja.

Nélida sasa hupiga deki palepale.
Juzi, nyuma ya friji, aliokota kipande cha chaki,
akakitia mfukoni.
Binti yake amechora ng'ombe sakafuni,
mkubwa, mnono,
bila bei.