Nyundo ya Bwana Tokuji

Usitazame, alisema. Sikiliza.
Akagonga zege kwa nyundo ya mpini mfupi:
ti. Hatua mbili. Ti. Hatua mbili. Ti.
Karibu na nguzo ya kilomita arubaini na moja,
bo.
Kama tikiti lililolala sokoni wiki nzima.

Mimi nilikuwa na koti jipya lisilopenya maji,
ubao wa fomu, shahada ya Sapporo.
Nikaandika: ufa, milimita tatu. Hali: ya kuridhisha.
Yeye akachora duara kwa chaki ya buluu,
na manyunyu ya chumvi yakalilamba
kabla hatujafika kituoni.

Sikufundishwa hivi chuoni.
Yaani, nilifundishwa, kwa michoro na mishale,
lakini mchoro hauna harufu.
Wimbi linalopiga kifuani si la kuogopwa sana:
lina kelele, lina povu, linapenda kutazamwa.
Ogopa lile linalorudi.
Linarudi na kijiko.
Linachota changarawe miguuni mwa ukuta,
linapenya ufani, linatoka na konzi ya kifusi,
kama mgeni anayeomba radhi na kuondoka,
na baada ya sekunde tisa
linabisha hodi tena.
Miaka arubaini ya adabu ya namna hiyo.
Zege linabaki wima, askari wa gwaride,
na nyuma yake
hakuna nchi.

Husemwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Ukuta tuliujenga.
Ufa ukahamia mgongoni,
ambako haendi mtu na chaki.

Bi Kinue alikuwa akianika mwani juu ya kokoto,
vipande virefu, vyeusi, kama mikanda ya wanaume wakubwa.
Nilipoolewa, akasema, ufuko huu ulikuwa hatua hamsini.
Tangu wajenge gati kule bandarini, kokoto haziji.
Sasa ni kumi na moja.
Nikaandika kumi na moja.
Na hatua zangu zimefupika, akaongeza,
kwa hiyo punguza.
Fomu haikuwa na nafasi ya kupunguza.

Ripoti ilisema: dhoruba ya aina hii,
mara moja kwa miaka hamsini.
Ikaja Novemba.
Ikaja Januari.
Hamsini nzima ilipita kati ya miezi miwili
na hakuna aliyezeeka.

Asubuhi ile hakufa mtu. Niseme mapema,
maana najua unasubiri maiti.
Ukuta ulikuwa umelala kifudifudi majini.
Reli zilikuwa zimening'inia, mataruma yakizishikilia,
ngazi iliyolazwa juu ya hewa,
na shakwe mmoja amekaa katikati
kana kwamba ilijengwa kwa ajili yake.
Kituoni, abiria wa treni ya kwanza
alikuwa mwanafunzi mmoja, Masuyo,
na begi lake, na glavu moja.
Alingoja dakika ishirini
kabla mtu hajakumbuka kumwambia.

Kampuni ikapiga hesabu: gharama ya mita sitini za ukuta
gawanya kwa Masuyo.
Njia ikafungwa. Wakaleta basi.
Basi linapita barabarani,
na barabara iko mita sita nyuma ya ukuta uleule,
sehemu ambayo haijaanguka.
Ukaguzi wa nyundo umekoma,
kwa sababu nyundo ilikuwa mali ya reli.

Isipokuwa hii. Bwana Tokuji alinipa
ikiwa imefungwa kwenye gazeti, bila hotuba,
siku aliyohamia kwa binti yake, mbali na bahari.

Jumapili nilishuka peke yangu.
Bi Kinue hayupo; mwani wake anaanika mwingine, barabarani,
kwa kuwa ufuko hautoshi.
Ti. Hatua mbili. Ti.
Juu yangu basi likapita, taa zikiwaka mchana,
kokoto zikatetemeka ndani ya viatu vyangu.
Nikagonga tena, mahali palepale lilipopita.

Nikachukua fomu ya zamani.
Nikashika kalamu juu ya neno Hali
mpaka wino ukaganda kwa baridi.