Nguzo Tisini na Mbili

Blanketi lilianza mraba, likawa pembetatu.
Nililitandaza kwenye meza ya kibanda cha geti,
kati ya redio na daftari la zamu,
nikaona ukingo wa kushoto unakimbia
kama mtu aliyeona mdai wake akija.

Mama Bosibori, anayeuza vitambaa vya makochi
Kawangware, mkabala na kinu cha unga,
alilishika kwa vidole viwili, akacheka hadi akakaa.
"Askari, nguzo ya mwisho unampa nani?
Kila mstari unaiacha nje ya geti."

Akanihesabia. Mstari wa kwanza, tisini na mbili.
Wa kumi, themanini na tatu.
Wa thelathini sitaki kuutaja.
"Ile minyororo mitatu ya kugeuzia nayo ni nguzo,
ingawa imevaa vingine. Ihesabu.
Tia pini pale mwisho,
usiitoe mpaka kulabu ipite hapo."
Hakutaka pesa. Alichukua nusu ya ndizi yangu.

Usiku ule nikafumua.
Ajabu ya uzi: ukiuvuta kutoka mwisho
unarudi nyuma bila ubishi,
mstari kwa mstari, wiki kwa wiki,
nami nikaanza kuusoma.

Hapa nimebana mno, kulabu haiingii:
ni usiku ule vijana watatu walipotikisa geti
wakiniita kwa jina, Lidonde, Lidonde,
na sikujua jina wamelitoa wapi.
Kwenye daftari niliandika: Hakuna tukio.

Hapa uzi umepasuka, nimedaka nusu yake tu.
Usingizi wa saa tisa.

Hapa pana tundu la kupitisha ngumi.
Dada alipiga simu kutoka Chavakali,
ng'ombe amekufa, yule wa karo,
nikaruka vitundu vitatu nikisema
sawa, sawa, nimesikia.
Hakuna tukio.

Na hapa weupe umegeuka katikati ya njia.
Bunda la pili nililichukua Mtaa wa Biashara
bila kusoma namba ya rangi kwenye karatasi.
Nyeupe ni nyeupe, nilimwambia muuzaji.
Chini ya taa ya geti, labda.
Jua lilipotoka, moja ilikuwa maziwa
na nyingine maji ya mchele.

Nilibaki na mpira wa uzi uliojikunja
kama nywele zilizotoka kufumuliwa.
"Usifume na uzi wenye kinyongo," alinionya mama yule.
Nikauosha kwenye beseni, nikautundika msumarini,
na chini yake nikafunga kufuli la akiba la geti kuu.
Mzee wa nyumba namba sita alipita na mbwa wake,
akatazama kufuli likining'inia,
akanitazama mimi,
akamvuta mbwa.

Sasa naanza upya, mkono mlegevu,
kama unavyomshika mtoto wa mwenzio.
Gari likipiga honi
namalizia kwanza nguzo niliyo nayo, ndipo nasimama.
Sekunde nne haziui tajiri.
Mikia ya uzi naiacha shubiri nzima,
naipitisha kwenda, kurudi, kwenda tena;
zamani niliikata karibu na fundo,
na fundo peke yake halilindi kitu.
Binti yangu Khavere anajifungua mwezi wa nane.
Nina mistari hamsini mbele yangu,
na tumbo halina breki.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri
nafungua daftari. Kalamu inasita.
Naandika: Geti limefungwa. Taa mbili zimeungua.
Nguzo tisini na mbili. Zote zipo.

Musembi, anayenipokea zamu, anasoma,
anakuna kidevu,
anachukua tochi, anatoka
kuzihesabu nguzo za ua.